Kinu cha Upepo Kilicholazwa

Olga Muhawenimana hakuanza na mtuhumiwa. Alianza na maharagwe.

Alishuka kwenye pikipiki Jumatatu saa tatu asubuhi, kilima cha Muheto kikiwa bado kinachuruzika maji ya tufani ya jana. Akawasalimu watu waliokuwa wakimngoja, akavua viatu, akakunja suruali hadi magotini na kuingia shambani. Watu wakatazamana. Walikuwa wamemtarajia OPJ, afisa wa upelelezi, afike na pingu na sauti kubwa. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, na alikuwa akitembea peku katikati ya mistari ya maharagwe ameinamisha kichwa kama mtu aliyepoteza sindano.

"Mama OPJ," akaita shefu wa kijiji, Papa Marcellin Kanyamibwa, "muntu mwenye alifanya hii mambo iko kule ndani ya depo ya mbegu. Vijana balimufungia tangu jana. Hapa hamuna tena kitu ya kutafuta."

"Maharagi haisemake uongo, Papa Shefu. Wacha niongee nayo kwanza."

Kitu kilicholala juu ya maharagwe hayo kilikuwa kinu cha upepo cha Papa Élysée Nshimiyimana. Élysée alikuwa mkulima kama wenzake, lakini alitumia miaka miwili kukitengeneza kwa mikono yake. Alichukua kitovu cha gurudumu la lori kuukuu, sumaku, nyaya za shaba alizozizungusha mwenyewe, na mabawa matatu ya mbao, akavipandisha vyote juu ya nguzo ya mkalitusi yenye urefu wa mita tisa. Umeme wake uliingia kwenye betri moja kubwa, na kutoka hapo ukaenda kwenye nyumba sita. Siku upepo ukilala, vibao viwili vya jua juu ya bati la Élysée vilishika zamu. Kwa mwaka mzima nyumba hizo sita hazikununua mafuta ya taa.

Jana, Jumapili, watu walikwenda kanisani saa tatu. Kwenye saa tano tufani ilipiga. Waliporudi saa saba walikuta nguzo iko chini, bawa moja limevunjika ncha, na betri haipo.

Olga alichuchumaa kwenye kichwa cha nguzo. "Papa Élysée, wewe jana ulikuwa wapi?"

"Kalembe, ku matanga ya shemeji yangu. Nimefika leo asubui tu." Élysée alikuwa mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Nimekuta kazi yangu ya miaka mbili ndani ya matope."

"Ulishagusa kitu?"

"Shefu alikatala muntu aguse mpaka ukuye."

"Basi ile majani njo ya nani?"

Élysée akainama. Chini ya kitovu cha gurudumu, pale ambapo uzito wote wa chuma ulikuwa umetua, palikuwa na rundo la majani ya ng'ombe, mabichi, yamekatwa kwa mundu na kushindiliwa kama godoro. Akatia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, wala hakugusa udongo.

"Sijui," akasema polepole.

"Kitu yenye inaanguka inachimba shimo," Olga akasema. "Angalia. Udongo ni laini, mvula imeunyeshea siku nzima, lakini hamuna shimo. Maharagi imelala mustari moja tu, upana wa nguzo. Hii haikuanguka. Ililazwa."

Kijana mmoja akacheka kwa dharau. "Mama, kigingi ya juu ilichimbuliwa! Kuya uone!"

Olga akaenda. Nguzo ilikuwa imeshikiliwa na waya nne, kila moja ikifungwa kwenye kigingi: cha mashariki, cha magharibi, cha juu mlimani na cha chini bondeni. Kigingi cha juu kilikuwa kimetoka. Alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye mdomo wa shimo lake. Jembe huacha ukuta uliokatwa. Shimo hili lilikuwa pana juu na jembamba chini, udongo umesukumwa nje pande zote, mfano wa pengo la jino lililotikiswa kutwa nzima kabla ya kutoka.

"Upepo njo ulichimbua hii," akasema, akaandika. Kisha akaenda kwenye kigingi cha mashariki. Hicho kilikuwa kimesimama imara, lakini waya wake haukuwapo. Ncha ya waya ilikuwa imelala kwenye nyasi, mizunguko yake imefunguliwa mmoja mmoja kwa vidole. Haikukatwa.

Mwisho akakagua shina la nguzo. Élysée alikuwa amelifunga kwa bolti moja katikati ya magogo mawili, ili nguzo iweze kulazwa upande wa magharibi, shambani, wakati wa matengenezo. Bolti hiyo ilikuwa imepinda. Ilikuwa imepinda kuelekea bondeni, na bondeni, hatua kumi tu, palikuwa na nyumba ndogo ya udongo yenye bati.

"Hii nyumba njo ya nani?"

"Ya Mama Noëlla Uwingabire," akajibu shefu. "Mujane. Anakala na mama mukwe wake na binti mumoja, Fifi. Yeye na Papa Élysée banagombanaka kila siku juu ya makelele ya kinu. Mwezi jana alisimama ku mukutano, akasema ataiangusha na mikono yake mwenyewe."

"Na haukunielezea?"

Papa Marcellin akatabasamu. "Mama OPJ, tulisimamisha hii nguzo wanaume kumi na mbili, tukatoka jasho. Mujane peke yake? Hapana. Guy, ule wa ndani ya depo, njo mwenye alionekana."

Depo ya mbegu ilinuka maharagwe makavu na dawa ya wadudu. Guy Ndagijimana alikuwa amekaa juu ya gunia, shati limechanika begani. Alikuwa na kibanda barabarani, na ndani yake jenereta ya kuchajia simu na kunyolea nywele. Tangu kinu kianze kuzunguka, wateja wake walikuwa wamepungua. Jana saa nne mama mmoja aliyechelewa misa alikutana naye akitelemka kutoka kwa Élysée, gunia begani, anatazama nyuma. Hayo yalitosha. Jioni vijana walikuwa wametangaza kwamba leo, kabla jua halijazama, kibanda chake kitachomwa.

"Ulikuwa unabeba nini?" Olga akauliza.

Guy akatazama mlango.

"Batri?"

"Sikuiba batri."

"Onyesha mikono."

Alisita, kisha akaifungua. Olga akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mkono wa kulia ulikuwa na malengelenge chini ya vidole, ya zamani na mapya. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa na mikato midogo mingi, na katikati ya kiganja kulikuwa na kibanzi cha mti ambacho hakijatolewa.

"Wewe unachonga mbao," Olga akasema. "Na hauko fundi, ju fundi hajikatake kidole mara saba. Tangu lini unachonga?"

Guy akaikunja mikono tena.

"Kaka Guy, jioni banachoma kibanda yako. Kesho nitalazimika kukupeleka ku gereza ya Masisi, na karatasi yangu itasema ulikatala kusema. Unachunga siri ya mbao?"

Guy akapangusa uso kwa kiganja. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona haya kuliko anayeogopa.

"Papa Élysée alipoanza hii kazi, mimi njo nilimuchekelea mbele ya batu bote. Nilimuita fundi wa upepo. Batu balicheka siku mingi. Sasa esanse, mafuta ya jenereta yangu, inakuya leo, kesho haiko, keshokutwa barabara imefungwa. Lakini upepo ya Muheto, Mama, ile haikosekanake. Nikasema na mie nichonge mabawa. Nilishindwa kupata ile kona yake ya kukata upepo. Nikangoja batu baende kanisa, nikapanda na mbao zangu, nipime."

"Na mbao ziko wapi?"

"Chini ya kitanda yangu. Tatu."

Olga akamtuma shefu mwenyewe. Papa Marcellin alirudi baada ya nusu saa akiwa amezibeba kwapani, na kutabasamu kumemwisha. Mbao mbili zilikuwa ghafi, zina alama za penseli. Ya tatu ilikuwa imechongwa nusu, na mgongo wake ulikuwa umepinda sawasawa na mgongo wa mabawa ya Élysée.

"Muntu mwenye anaiga kitu hakivunjake kabla hajamaliza kukipima," Olga akamwambia shefu. Kisha akamgeukia Guy. "Ulipoondoka, kinu ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa inazunguka mbio sana, inalia kama gari. Waya ya juu ilikuwa inaruka kama kamba ya kuchezea batoto. Nikaogopa, nikashuka."

"Na haukuita muntu?"

"Ningeita nani, Mama? Mie mwenyewe nilikuwa nimejificha."

Alimwacha ndani, mlango wazi, shefu mlangoni, akapanda tena mlimani peke yake.

Sasa alikuwa na nusu ya jambo. Tufani iling'oa kigingi cha juu, na nguzo ikaanza kuelemea bondeni. Mtu alifika wakati huo, akafungua waya wa mashariki bila kuukata, akaitelemsha nguzo magharibi polepole na kuilaza juu ya majani. Mtu mmoja, wakati kijiji kizima kiko kanisani. Lakini wanaume kumi na wawili walitoka jasho. Mtu mmoja angeshikaje?

Akasimama kwenye kigingi cha mashariki, akatazama mahali waya ungeelekea kama ungerefushwa. Hatua sita mbele yake ulisimama mkalitusi hai, mnene kama pipa. Kwenye usawa wa goti, gome lake lilikuwa na mikanda mitatu iliyong'aa, imesuguliwa mpaka ikatoa maji. Akaweka kidole. Mikanda mitatu, mmoja juu ya mwingine, upana wa kamba nene.

Olga alikuwa amewahi kufanya kazi miaka miwili Walikale. Huko, kwenye miteremko ya msitu, aliwaona wapasua mbao wakitelemsha magogo. Hawakuyashika kwa nguvu. Walizungushia kamba kwenye mti mara tatu, na mti wenyewe ndio uliobeba uzito. Mtu mmoja alishika mwisho wa kamba, akaiachia kidogo kidogo, huku anazungumza na wenzake.

Akarudi mbio kwa shefu. "Papa Marcellin, hapa Muheto nani alizaliwa ku msitu, upande wa Walikale?"

"Kuzaliwa?" Shefu akafikiri. "Hakuna. Sisi bote ni batu ya huku." Kisha mdomo wake ukabaki wazi. "Isipokuwa Mama Noëlla. Alioleka huku kutoka Ntoto. Baba yake alikuwa mupasua mbao."

Noëlla alikuwa anamnywesha uji mama mkwe wake, kikongwe aliyelala kwenye kitanda karibu na ukuta. Noëlla alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana, kitambaa cha kijani kichwani. Alipomwona Olga mlangoni aliweka kikombe chini, akainuka.

"Karibu, Mama."

Olga akanyoosha mkono. Noëlla hakutoa kiganja. Alikunja ngumi na kumpa kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu aliyetoka shambani na mikono michafu. Lakini beseni la maji na sabuni lilikuwa pale pale, na vidole vyake vilikuwa bado vina maji.

"Mikono yako iko safi, dada," Olga akasema. "Juu ya nini unaificha?"

Noëlla akamtazama sana. Kisha akaifungua. Viganja vyote viwili vilikuwa vimebabuka mstari mmoja mwekundu kutoka upande hadi upande, vimepakwa mawese.

"Mara tatu ku muti," Olga akasema kwa upole. "Nimeona alama."

"Ingetakiwa ine," Noëlla akajibu. "Kamba ilikuwa imelowa, ikaniponyoka kidogo ku mwisho. Njo maana ile bawa ilivunjika."

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Alieleza bila kuomba huruma. Fifi alikwenda kanisani, yeye akabaki nyumbani kwa sababu mgonjwa hawezi kuachwa. Alisikia nguzo inalia, akatoka, akaona kigingi cha juu kinacheza. "Ingeanguka hapa," akasema, akionyesha bati lililo juu ya kikongwe. "Mie peke yangu siwezi kumubeba mama. Nikatandika majani ya ng'ombe ku maharagi, nikachukua kamba yake, nikaifunga ku waya."

"Lakini ungeweza kung'oa tu kigingi ya mashariki. Nguzo ingelala ku maharagi, nyumba yako ingepona, na makelele yangeisha. Pigo moja ya jiwe. Juu ya nini ulijitesa?"

Mama mkwe akakohoa. Noëlla akamwinua kichwa, akampangusa mdomo.

"Fifi anakwenda kufanya egzamen ya Leta, ile ya kumaliza shule, mwaka huu," akasema hatimaye. "Kila magaribi anasomea kwa Papa Élysée, ku ile taa. Ile makelele inaniuzi, Mama, inaniuzi sana, inaingia mpaka ku meno. Lakini nilikuwa ninajua nini iko juu ya ile nguzo."

"Na batri?"

Noëlla akainama, akavuta kitu kutoka uvunguni. Betri ilikuwa kavu, imefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. "Kifuniko ya kasha yake iliruka na upepo. Ilikuwa inakunywa mvula. Niliibeba mugongoni."

"Guy amelala ndani ya depo sababu ya hii batri."

Uso wa Noëlla ukabadilika. "Ninajua. Sikulala. Jana nilitoka mara mbili niende kusema, nikasikia vile vijana banaongea, nikarudi. Nani angeniamini? Nilisema mbele ya bote nitaiangusha."

"Mie ninakuamini. Sasa njo tutafanya hata batu bengine bakuamini. Chukua kamba."

Watu walipokwisha kukusanyika, Olga aliwasomea alichoandika, hatua kwa hatua, kuanzia majani hadi mkalitusi. Guy alikuwa amesimama kando ya shefu. Betri ilikuwa chini, juu ya kitenge. Wazee walisikiliza. Vijana hawakusikiliza.

"Mwanamuke mumoja!" akasema yule kijana wa asubuhi. "Na tufani? Hii ni hadisi. Alisaidiwa na Guy, basi!"

"Simamisheni nguzo," Olga akasema.

Wakagongomea kwanza kigingi cha juu kwa mawe, mahali pagumu zaidi. Wanaume kumi na wawili wakajipanga, wengine wakisukuma kwa mabega, wengine wakivuta. Noëlla alifunga kamba kwenye waya wa mashariki, akaizungusha kwenye mkalitusi, mara nne safari hii, akawa anaikusanya kila ilipolegea. Nguzo ikainuka. Ilipofika katikati, kichwa cha chuma kikining'inia hewani juu ya maharagwe, Olga akapaza sauti:

"Wacheni! Bote, mutoke!"

Hakuna aliyeacha.

"Itaua muntu!" shefu akapiga kelele.

"Mutoke," akasema Élysée. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondoa bega lake. Mmoja mmoja wengine wakamfuata, wakirudi kinyumenyume.

Nguzo haikushuka hata kiasi cha kidole. Noëlla alikuwa ameshika mwisho wa kamba kwa mkono mmoja, uliofungwa kitambaa, na mkono mwingine kiunoni. Kijana wa asubuhi alizunguka mkalitusi mara mbili, akaitazama kamba juu na chini, kisha akaenda kusimama mbele ya Guy. Akavua shati lake zima na kumpa badala ya lile lililochanika. Guy alilishika muda mrefu kabla ya kulivaa.

"Papa Élysée," Noëlla akaita kutoka kwenye mti. "Sasa tuongee juu ya makelele."

Kicheko kilianza kwa wanawake, kikaenea. Élysée alijaribu kukaza uso, akashindwa.

"Mama, shusha kwanza."

"Sishushi. Nasikia vizuri nikiwa hapa. Ninataka ihame, iende kule ku kiraro, ile zizi ya zamani ya ng'ombe. Kule upepo ni mwingi kuliko hapa, na hakuna muntu analala."

"Ninajua upepo ni mwingi," Élysée akasema. "Waya njo hautafika. Ni mbali."

"Mie niko na waya," Guy akasema. Watu wote wakageuka. Akameza mate. "Ile ya kibanda, roulo nzima yenye imeviringwa. Nitaitoa. Lakini Papa Élysée, utanionyesha ile kona ya mabawa."

Élysée akamwendea, akachukua ubao uliochongwa nusu kutoka kwapani mwa shefu, akafumba jicho moja na kuutazama kwa urefu kama mtu anayelenga. "Umekata sana huku," akasema. "Lakini hii mbao ni muzuri kuliko yangu. Leta na ile mbili."

Papa Marcellin akamwuliza Olga kwa sauti ya chini ataandika nini kwenye PV, ripoti yake ya upelelezi, kwa sababu vijana wamemfungia mtu asiye na kosa na yeye ndiye shefu. Olga alimjibu kwamba hilo nalo litaandikwa, kila jina, na kwamba wangeanza kwa kumwomba Guy msamaha mbele ya watu leo hii, kabla hawajashika jembe. Shefu alivua kofia, akaenda.

Wanaume walikuwa wamekwisha kutawanyika kutafuta majembe kwa ajili ya kuchimba mashimo mapya ya nguzo na vigingi kule kiraroni. Kutoka nyumba ya bondeni sauti dhaifu ya kikongwe ikaita. Noëlla akasikiliza, akatazama kamba, akamtazama Olga.

"Mama OPJ, kuya hapa. Uji ya mama iko inapoa."

"Nifanye nini?"

"Shika. Usivute, usiachilie. Shika tu."

Akaondoka bila kugeuka. Olga alisimama peku kwenye matope, daftari kwapani, na kamba iliyolowa mkononi. Mita tisa za mkalitusi na chuma chote cha Élysée vilikuwa vimening'inia mbele yake chini ya mawingu meupe, na kiganjani hakusikia uzito uliozidi wa mbuzi anayetembezwa sokoni. Upepo ulipita. Mabawa mawili mazima na lile lililovunjika ncha yakaanza kugeuka pole pole. Akaikaza mikono kidogo, akangoja.